Nyumba ya Matete Mlimani Manga

Mume wangu alinijengea nyumba kabla hajanioa, na aliijenga kwa kuikumbuka nyumba ya baba yangu.

Baba alikuwa seremala wa misheni kando ya ziwa, mahali ambapo joto la mchana haliondoki hata jua likizama. Hewa hubaki pale pale, nzito na yenye unyevu, na mtu aliyelala ndani ya kuta nene huamka shuka limeloa jasho. Kwa hiyo baba alipandisha udongo hadi usawa wa kifua tu. Kutoka hapo hadi chini ya paa aliweka matete yaliyofumwa kwa kuachana, na upepo wa ziwani ukaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Sisi watoto hatukujua kuwa kuna mtu aliyekaa akafikiria jambo hilo. Tulidhani nyumba zote za watu ziko hivyo.

Mume wangu alikuwa kijana wa Kigusii aliyekuja kusomea ualimu pale misheni. Siku za Sabato baba alimkaribisha kula kwetu. Mimi sikujua neno la Ekegusii, na Kijaluo chake kilikuwa cha kununulia samaki, basi tukazungumza Kiswahili cha darasani, tukichagua maneno polepole. Alipenda kuketi karibu na ukuta wa matete. Alifungua kifungo cha juu cha shati na kusema, "Hapa mtu anaweza kufikiri." Nilimpenda kwa sababu hiyo, nadhani. Vijana wengine walisifu chakula.

Alipohitimu alirudi kwao Manga, akakata nguzo za miwati, akawaomba vijana wa rika lake wamsaidie kukandika. Udongo waliupandisha hadi kifuani, kama kwetu. Kisha yeye mwenyewe akashuka bondeni kwenye kinamasi, akakata matete na kuyabeba mgongoni kuupanda mlima, mzigo baada ya mzigo. Wenzake walimwuliza kama anajenga nyumba au tenga la kuku. Alitaka nikifika nisijione mgeni.

Nilifika Januari, wakati wa kiangazi. Ukiwa ukingoni mwa mlima, siku ambayo anga ni safi, unaliona ziwa mbali sana, mstari mweupe chini ya mbingu. Mume wangu alinipeleka pale jioni ya kwanza, kisha akanirudisha nyumbani na kuniambia niingie. Niliingia. Nilisimama katikati ya chumba nikitazama mwanga uliopenya kwenye matete na kuanguka sakafuni.

"Umeridhika?" akauliza.

"Nimeridhika," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa ng'ambo ya ua, ya mviringo, fupi, kuta zake nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Dirisha lake lilikuwa tundu dogo la kutolea moshi. Juu ya meko kulikuwa na dari ya fito iliyojazwa nafaka ya wimbi, na upande mmoja walilala mbuzi. Nilipoingia kumsalimu nilihisi nimefunikwa mdomo. Nilimhurumia mama yule. Nilijiambia kwamba akipenda, siku moja tutamjengea kama yangu.

Mvua zilianza mwezi wa tatu mwishoni. Mwezi wa nne ukungu ulipanda kutoka bondeni na kupita ndani ya nyumba yetu kama unavyopita shambani. Ulikuja kwenye matete na kuendelea na safari yake. Nguo zilizokunjwa sandukuni zililowa bila kunyeshewa. Tuliwasha moto, na moto ulitupasha magoti, lakini migongo ilibaki baridi, kwa maana joto lote liliondoka juu kabla halijazunguka chumba. Mume wangu aliona. Alisema mvua zikipungua ataziba sehemu ya juu kwa udongo.

Mvua hazikupungua mapema, na vita vilikuwa vimeanza. Serikali ilitaka vijana wanaojua kusoma na kuandika, na wengi wa rika lake walikuwa wakiondoka. Naye akaondoka pia. Tulizungumza juu ya jambo hilo siku chache tu, kwa sauti ya chini, na sasa nikikumbuka naona kwamba alikuwa amekwisha kuamua kabla hajanieleza. Nilikuwa na mimba. Alimwambia mama yake anitunze, akaniambia mimi nimtunze mama yake, kisha akashuka na wenzake kuelekea Kisii mjini.

Hivyo nikabaki na mama mkwe ambaye hatukuwa na lugha moja naye. Yeye alijua Ekegusii pekee. Asubuhi alinionyesha kwa kidole kazi ya siku: palilia hapa, teka maji, saga wimbi. Nilifanya. Jioni nilirudi kwenye nyumba yangu ya upepo. Kuna siku zilipita bila mimi kutamka neno lolote ila salamu, na nilipoimba wimbo wa kanisani nilishtuka kusikia sauti yangu ilivyokuwa imekauka.

Nililala kwake mara moja, wakati wa mvua ya mawe. Asubuhi alinipa kijinga cha moto, akanielekeza nyumba yangu. Baadaye nilikuja kuelewa alichosema: nyumba ya mwanawe haiwezi kukaa bila moto wakati mwenyewe yuko vitani. Sikuwa nimefukuzwa. Lakini siku ile nilijua tu kwamba nimeonyeshwa mlango.

Mtoto wetu alizaliwa, msichana, na mwaka wa kwanza nilimlaza kifuani pangu chini ya blanketi lililoachwa na baba yake. Alinawiri. Mwaka uliofuata, alipokuwa amekwisha kuacha kunyonya na anatembea, mvua zilirudi na akaanza kukohoa. Nilitundika mikeka kwenye matete. Upepo uliinua mikeka. Jioni moja mama mkwe aliingia bila kubisha, akaishika miguu ya mtoto iliyokuwa baridi, akaiachia, akamvika kitambaa na kumweka mgongoni.

"Atalala kwangu," akasema. Kufikia hapo Ekegusii changu kilitosha kuelewa hivyo.

"Mpaka lini?"

Alivuka ua akainama kuingia mlangoni kwake, na niliona mwanga wa moto wake kidogo, halafu mlango ukafungwa.

Mtoto alipona. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu ndilo kubwa. Alipona katika siku chache, akaanza kunenepa. Mchana alikuwa wangu, jioni akachukuliwa. Wagusii humwita mama "baba", na mimi niliyekulia kwenye lugha nyingine sikuwahi kuzoea kulisikia neno hilo likiitiwa mwanamke. Sasa nilisikia binti yangu akimwita bibi yake "baba, baba" ng'ambo ya ua. Mimi aliniita kwa jina langu, kama alivyosikia wengine wakiniita.

Ndipo nilipoanza kufikiria kuta. Sikuweza kumwomba mama mkwe anirudishie mtoto, kwa kuwa angeniuliza nitamlaza wapi, na jibu sikuwa nalo. Ilibidi kwanza nipate mahali.

Niliteremka Kisii mjini kwa miguu. Mwashi mmoja kutoka kwetu ziwani alikuwa akijenga duka la Mhindi kwa mawe, na niliposikia anamkaripia msaidizi wake kwa Kijaluo nilisimama njiani. Nilimsalimu. Alipogundua mimi ni mtu wa kwao aliweka mwiko chini.

"Dada, unafanya nini huku?"

"Nimeolewa. Niko Manga."

"Manga," akasema, akatazama mlima. "Huko kuna baridi."

Nikamweleza shida yangu yote. Alinisikiliza vizuri. Akasema nijenge kwa mawe, maana mlima wote ni mawe na ukuta wa mawe utasimama hata wajukuu wangu wakizeeka.

"Yana joto?"

"Weka mkono."

Niliweka mkono kwenye ukuta wake, upande wa kivulini. Ulikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Yakipigwa na jua yanashika joto," akasema. "Yanachelewa kulipata na yanachelewa kulitoa. Kwenu huko jua linapatikana?"

"Miezi michache. Miezi mingine ni ukungu."

Akafikiri. "Basi usiulize ukuta upi ni mzuri. Uliza unataka kuzuia nini. Kwetu tunazuia jua na kupitisha upepo. Wewe unataka kuzuia upepo na kushika moto. Ni kazi nyingine kabisa."

Nilikwisha kupata nilichokuja kutafuta, lakini sikuondoka. Nilimwuliza kuhusu mchanga, kuhusu chokaa, kuhusu mabati, mambo ambayo sikuwa na haja nayo, ili aendelee kuzungumza. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili sijaongea lugha yangu na mtu mzima. Mwishowe msaidizi wake akaita kwamba udongo unakauka, na nikapanda mlima peke yangu.

Miezi iliyofuata niligeuka mtu wa kushika kuta za watu. Mwinjilisti mmoja upande wa Ikonge alikuwa na nyumba ya mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, nzuri, yenye rangi. Nilikaa na mke wake alipokuwa akipika. Chumba kilipata joto upesi na tukavua shali. Moto ulipofifia, baridi ilirudi kabla hatujamaliza kula ugali, kwa kuwa ubao ni mwembamba na hauna pa kuwekea joto. Kanisa la mawe nililipapasa baada ya ibada, na lilikuwa kama alivyosema mwashi. Na kila alfajiri nilipokwenda kwa mama mkwe kumchukua mtoto, nilipitisha kiganja changu kwenye ukuta wake wa ndani, karibu na meko. Moto ulikuwa umefukiwa majivu tangu jioni, lakini udongo ule mnene ulikuwa bado vuguvugu.

Nyumba niliyoihurumia ndiyo iliyokuwa na jibu. Hata hivyo sikutaka kuishi gizani. Tena sikutaka kuyang'oa matete yaliyobebwa mgongoni na mtu ambaye sikujua kama ningemwona tena. Nikaamua kujenga ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, wa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na kuacha nafasi ya upana wa kiganja kati yake na matete. Nafasi hiyo ningeijaza makapi ya wimbi. Nilikuwa nimeona jinsi mama mkwe alivyofukia mayai kwenye makapi yasishikwe na baridi, na paka naye alilala humo humo. Dirisha ningeacha moja tu, upande usiopigwa na upepo.

Nilichonga kalibu ya matofali mwenyewe, maana mtoto wa seremala hashindwi na kisanduku kisicho na tako. Matofali ya kwanza niliyafyatua nikiwa na haraka, mvua za vuli zikiwa bado hazijaisha. Nikayapanga uani, nikayafunika majani ya migomba. Mvua ilinyesha ikisukumwa na upepo. Asubuhi nilikuta matope yenye alama za majani, na jirani aliyepita alisimama kidogo, akatikisa kichwa na kuendelea na njia yake. Nilikaa chini pale pale. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Nilisubiri Desemba. Jua likatoka, na safari hii matofali yalikauka yakalia kama chungu ukiyagonga. Nilianza kujenga kutoka pembeni. Siku ya pili au ya tatu nilisikia mtu nje ya nyumba. Mama mkwe alikuwa amekuja na kapu la majivu na karai la udongo uliochanganywa na samadi.

"Makapi bila majivu ni chakula cha mchwa," akasema.

Akaanza kukandika matete kwa nje. Mimi nilikuwa ndani nikipanga matofali. Tulifanya kazi hivyo, matete kati yetu, kila mmoja akisikia mikono ya mwenzake bila kumwona. Alipoanza kuzungumza nilidhani anaongea na mtoto.

"Mokamwana," akasema, yaani mke wa mwanangu, "unadhani nilikuchukulia mtoto kwa sababu hujui kulea."

Ndivyo nilivyodhani.

"Kabla ya mumeo nilizaa wawili. Wote walikufa kwa kifua. Nyumba yangu ya kwanza ilijengwa haraka haraka, kuta zake nyembamba. Nilimwambia baba yao. Akasema mvua zitapita." Nikasikia kiganja chake kikipiga udongo, kikasawazisha. "Zilipita."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Kwa lugha gani?" akauliza.

Niliweka tofali jingine. Akasema kwamba nyumba ya pili, ile anayoishi ndani yake mpaka sasa, aliikandika mwenyewe akiwa na mimba ya mume wangu, na kila alipodhani imetosha aliongeza tabaka. Wanawake wenzake walimcheka kwamba anajenga kichuguu. Alikandika mpaka jioni. Kesho yake alikuja tena, na kesho yake, mpaka udongo wa nje ukafika kwenye paa.

Mvua ziliporudi, nyumba yangu ilisimama. Nilikoka moto saa ya kupika, na alfajiri niliamka nikagusa ukuta kama nilivyokuwa nikigusa wa mama mkwe. Ulikuwa vuguvugu. Siku ile nilikwenda ng'ambo ya ua nikasema, "Njoo uone." Mama mkwe aliingia, akaketi, akapitisha kiganja ukutani. Kisha akasema mtoto anaweza kuhama.

Mtoto hakutaka. Jua lilipoanza kuchwa alisimama mlangoni akimlilia bibi yake, na mara mbili alinitoroka akavuka ua kwenye mvua. Nilikuwa nimejenga chumba chenye joto, na ndani yake nilikaa na mtoto aliyenigeuzia mgongo. Ilichukua msimu mzima kabla hajaacha kulia. Kuniita "baba" alianza siku moja shambani, bila sababu yoyote, akitaka nimtoe mwiba.

Vita vilikwisha na mume wangu akarudi. Alikuwa amekonda na nywele zimempungua. Niliandaa chakula, nikawasha moto mzuri, nikamkaribisha ndani. Alisimama karibu na mlango akitazama kuta zangu.

"Matete yako wapi?"

"Yapo. Yako katikati." Nikamwonyesha pembe moja niliyoiacha wazi kidogo ili siku moja ayaone. Aliingiza vidole, akayagusa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Kuna nchi kule nilikopita, jua linaunguza mchana na usiku ni baridi kali, na watu wake hujenga kuta nene kuliko hizi. Mchana ndani kunapoa, usiku kunapata joto. Niliziona nikafikiri juu yenu."

Tulikula. Kabla hatujamaliza jasho lilianza kumtoka usoni. Aliweka bakuli chini, akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama ukunguni, kola imefunguliwa, anahema.

"Si nyumba," akasema. "Kule vitani tulikaa mashimoni, mama mtoto. Siwezi kukaa mahali palipofungwa."

Nilisema nitavunja upande mmoja. Akanikataza kabisa. Alimtazama binti yetu aliyekuwa mlangoni, mashavu yamejaa, hakohoi, na akasema nisiguse hata tofali. Alijiwekea kitanda barazani, chini ya upenu, akajifunika mablanketi mawili ya jeshi. Alivumilia mvua za msimu ule. Kisha akaomba kufundisha ziwani, na akapata shule si mbali na kwa baba yangu.

Nilikwenda naye likizo ya kwanza. Kulikuwa na kiwanja na hakuna nyumba. "Wewe ndiye unayejua kuta," akaniambia, na nikamjengea. Udongo hadi kifuani, matete juu, paa refu la kutupa kivuli. Kazi ilikuwa nyepesi na niliifanya nikizungumza na dada zangu kutwa. Nilidhani nimerudi nyumbani. Lakini jioni sikupata usingizi kwa joto, na mwanga uliopita kwenye matete ulinifanya nijione niko njiani, watu wananitazama. Binti yangu, mtoto wa baridi, alishikwa na malaria. Alipopata nafuu nilimfunga mgongoni ingawa alikuwa mkubwa, na mume wangu akatusindikiza hadi penye lori la kupanda Kisii.

"Utabaki huko?" akaniuliza.

"Mama yako yuko peke yake."

"Najua."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye alizeeka katika nchi yangu na mimi nikazeeka katika nchi yake. Watu walisema tumeachana, lakini hatukuachana. Kila likizo alipanda mlima akiwa na samaki waliokaushwa. Miaka ilipita, watu wakaanza kupanda pareto, wengine wakaezeka mabati, binti yetu akaenda shule ya bweni na nyumba yangu ikawa kimya kuliko ilivyokuwa wakati wa vita. Nilisuka vikapu, nililima, niliongea na kuku.

Alipokuja nilimwekea kiti barazani, nami nikaweka changu ndani, karibu na meko, mlango ukiwa wazi. Joto langu lilitoka likamfikia kidogo, na ukungu wake ukaingia ukanifikia. Nilimpa sahani yake kupitia mlangoni. Aliniuliza habari za mama yake, nikamwambia kwamba magoti yanamsumbua, kwamba wimbi limekubali mwaka huu. Naye akanieleza juu ya wanafunzi wake. Mvua ilipoanza alisogeza kiti nyuma, karibu na kizingiti, na tukaendelea kula.